Siku Zisizo za Mashine

Wiki ya Mwalimu Alexander Rugemalira ilikuwa imegawanywa mara mbili, na si yeye aliyeigawa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa za mashine ya kusafisha damu. Siku nne zilizobaki zilikuwa zake, na kwa kuwa alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne akiwa amesimama, hakujua namna ya kuzikaa. Basi akazitembea. Alikwenda Saanane kuangalia wanyama mpaka walinzi wakachoka kumsalimia. Alikwenda Bujora, akasoma vibao vyote vya makumbusho, cha kwanza hadi cha mwisho, kama anayesahihisha mitihani. Alikwenda Magu kwa sababu tu alikuwa hajawahi kushuka Magu. Na pengine alipanda kivuko cha Kamanga, akavuka ziwa, asishuke, akarudi nacho. Sharti lilikuwa moja: jua lisimzamie nje ya Mwanza.

"Huko unatafuta nini, Baba Noela?" mkewe Bernadetta alimuuliza siku moja akimpigia pasi shati la mikono mirefu.

"Natafuta pa kukaa."

"Kwani hapa nyumbani hukai?"

"Hapa nasubiri."

Majirani wao wa mtaa wa Pasiansi hawakujua habari ya mashine. Bernadetta alikuwa amewaambia kwamba siku zile tatu Mwalimu anafundisha tuisheni mjini, na uongo ule ulimkaa vizuri mpaka jirani yao Modesta alipomleta mwanawe wa darasa la saba akiwa na daftari jipya mkononi. Bernadetta akasema darasa limejaa. Modesta akaomba mtoto akae hata chini. Bernadetta akasema hata chini kumejaa. Tangu siku hiyo Modesta alimsalimia kwa shingo upande, na Bernadetta akavumilia, kwa sababu alikuwa analinda kitu kikubwa kuliko ujirani.

Alikuwa analinda ndoa. Binti yao Noela, mwenye miaka ishirini na tisa, muuzaji wa duka la dawa, alikuwa amechumbiwa na Elias, fundi wa mashine za barafu kule Mwaloni, Kirumba. Baba yake Elias, Mzee Antoni, alikuwa Mhaya wa kushika mila kwa mikono miwili, na Wahaya wa namna hiyo hawaozi mtoto kabla ya kuuchunguza ukoo wa upande wa pili: una kifafa, una ukoma, una wazimu? Dada yake Bernadetta mwenyewe alirudishwa kwa uvumi wa kifafa ambacho hakuwa nacho, akazeekea kwa kaka zake akiwafulia nguo. Bernadetta alikuwa ameapa kwamba jambo hilo halitaingia nyumbani kwake mara ya pili.

*

Ijumaa, kabla ya kuunganishwa na mashine, wagonjwa walipima uzito mmoja mmoja mbele ya wenzao. Mizani haina adabu. Mtu aliyekunywa maji kwa kujificha jikoni usiku husomewa kosa lake hadharani, na msomaji wa makosa alikuwa Sista Odeta, muuguzi mwenye sauti ya kengele ya shule.

"Kilo tatu na nusu zimezidi, Mwalimu. Tulikubaliana mbili."

"Nilikunywa kikombe kimoja tu cha chai, Sista."

"Hiyo chai ilipikwa kwa watu wangapi?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Mwalimu Rugemalira, ambaye kwa miaka thelathini na minne alikuwa amezikataa sababu za watoto waliochelewa namba asubuhi, alishuka kwenye mizani akiinamisha kichwa na kwenda kitandani kwake. Sista Odeta akamfuata, akaipandisha ile mikono mirefu ya shati, akaugusa mshipa uliovimba mkono wa kushoto, akasema kwa sauti ya chini safari hii:

"Nasikia Jumapili una safari."

"Naenda kumtoa binti yangu. Ng'ambo, kwa dada."

"Hongera. Sasa nisikilize. Ijumaa mpaka Jumatatu ndiyo nafasi ndefu kuliko zote. Damu haisafishwi siku mbili nzima. Maji, vikombe viwili kwa siku. Ndizi, hapana. Za kupika, za kuiva, juisi yake, pombe yake, zote hapana. Zina madini ambayo figo zako haziwezi kuyatoa, yanakwenda kuusimamisha moyo. Hausimami polepole, Mwalimu. Unasimama."

"Sista, mimi ni Mhaya."

"Najua. Ndiyo maana nimeanza na ndizi."

*

Jumamosi jioni walikaa watatu sebuleni, na hakuna aliyekuwa na raha. Mwalimu alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena.

"Kaa, baba," Noela alisema.

"Nimekaa sana wiki hii. Saa nne nne kitandani. Niacheni."

Shauri lilikuwa hili. Mzee Antoni alikuwa amesema wazi kwamba binti wa Kihaya hatolewi kwenye nyumba ya kupanga, katikati ya matofali. Anatolewa kwenye kibanja, mbele ya migomba. Kibanja cha Mwalimu kilikuwa Muleba, mbali mno kwa mtu asiyeruhusiwa kulala nje. Lakini dada yake mkubwa, Kokulinda, alikuwa amenunua shamba lake mwenyewe mbele kidogo ya Kamanga, njia ya Sengerema, akapanda machipukizi aliyoyabeba kutoka migombani kwa baba yao. Mzee Antoni alikubali: migomba ya ukoo ni ya ukoo, hata ikivuka ziwa. Pande zote mbili zingetoka Mwanza asubuhi, zivuke, zimalize shughuli, zirudi kwa kivuko cha saa kumi na moja.

Na kwa desturi ya ukoo wa Mzee Antoni, baba wa binti hunywa kibuyu kizima cha rubisi, pombe ya ndizi, kisha hukigeuza mdomo chini watu wote waone. Kibuyu kikishageuzwa, binti ameolewa. Harusi ya kanisani ni kwenda kumjulisha padri.

"Mrija unaweka mdomoni," Bernadetta alimwelekeza mumewe. "Huvuti. Mashavu tu unayaingiza ndani hivi. Halafu mimi napita kama naweka kuni, nakimwaga."

"Nani anaweka kuni sebuleni, mama?" Noela aliuliza.

"Wewe nyamaza, unayetafutiwa mume."

"Elias anajua baba anaumwa. Nilimwambia siku ya kwanza. Alisema atamwambia baba yake."

"Amemwambia?"

Noela alichezea pindo la kanga. "Anasubiri wakati mzuri. Alisema, 'Mzee wangu niachie mimi.'"

"Basi na huo wakati mzuri tutauona kesho," Bernadetta alisema, "na usipokuja, mrija upo."

Mwalimu alikuwa dirishani tena. Alisema bila kugeuka, "Mama Noela, mimi nimewachapa watoto wengi kwa kudanganya."

"Hukuwahi kuwa na binti wa miaka ishirini na tisa wakati unawachapa."

*

Asubuhi ya Jumapili walivuka. Mwalimu hakukaa hata dakika moja. Alitembea kati ya malori na abiria, mikono nyuma, kama yuko zamu ya kukagua usafi wa wanafunzi. Kamanga walikuta Kokulinda amewatumia bajaji, na kufikia saa nne walikuwa uani kwake, ambako harufu ya ndizi zilizofunikwa kwa majani ilikuwa imeshajaa kila mahali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Alexander. Mbona umekonda hivyo? Hawakulishi?"

Kokulinda, mjane wa miaka sabini na mbili, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa ameamka saa tisa usiku kupika. Aliambiwa tu kwamba kaka yake ana presha. Bernadetta alipomvuta pembeni kumwomba wali kidogo kwa ajili ya Mwalimu, mama yule aliweka mwiko chini.

"Wali? Siku ya kutoa binti? Katika kibanja changu?"

"Ni hii presha, wifi."

"Presha inakataza chumvi. Tangu lini ikakataza ndizi? Hizi ni ndizi za baba yake mwenyewe! Nilizibeba kwenye meli miaka kumi na tisa iliyopita, nimezifunika kwa kanga zangu kama watoto. Wali nitampikia mgeni asiyetujua."

Bernadetta akarudi uani. Angesema kweli pale, jikoni, kati ya wanawake wawili, mambo mengi yangekuwa tofauti. Lakini aliogopa sauti ya wifi yake, kwa kuwa Kokulinda hakuwa na sauti ya kutunzia siri.

Upande wa pili walifika saa saba: Mzee Antoni na kofia yake ya pama, wanawake watatu waliobeba vitenge na sabuni, Elias katika suti ya kijivu, na msemaji wao, Mzee Muganyizi, mtu mfupi mchangamfu aliyependa kusikilizwa. Walivua viatu, wakaketi kwenye mikeka juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni. Walitafuna buni za kahawa za ukaribisho. Noela alikuwa chumba cha ndani, amefunikwa kanga, nyuma ya pazia jembamba, na kwa mila hakutakiwa kutoka wala kusikika mpaka aitwe.

Maneno yalikwenda vizuri. Mzee Muganyizi alisema wameona ua zuri, wakajibiwa ua lina wenyewe. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Kisha akakohoa.

"Sasa wazee, neno la mwisho, ndipo tule. Sisi upande wetu hatuna kifafa, hatuna ukoma, hatuna wazimu, hatuna ugonjwa wowote wa kuficha. Nanyi je? Ndani ya nyumba hii ya Rugemalira kuna ugonjwa?"

Kwa mila swali lile halijibiwi na baba wala mama. Hujibiwa na mkubwa wa ukoo. Bernadetta alikuwa amelisahau hilo. Alikuwa amejiandaa kudanganya yeye mwenyewe, na hakujua kwamba uongo wake utasemwa na mdomo mwingine. Kokulinda alinyooka pale alipokaa.

"Hakuna," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Naapa kwa baba yangu aliyepanda migomba hii. Nyumba hii ni safi."

Mwalimu alifungua mdomo. Alimwangalia Elias, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Alimpa muda, kama anavyompa muda mwanafunzi anayejua jibu lakini anaona haya. Elias alikohoa kidogo, akarekebisha tai yake. Mwalimu akafumba mdomo.

Kibuyu kikaletwa. Hakikuwa kikubwa, kama nusu lita tu, lakini kwa mtu wa vikombe viwili kwa siku kilikuwa bahari. Mwalimu aliweka mrija mdomoni na kuingiza mashavu ndani kama alivyofundishwa. Kabla Bernadetta hajapata nafasi ya kupita na kukimwaga, Mzee Muganyizi akasogea, akachungulia shingo ya kibuyu kwa jicho moja.

"Mwalimu! Unakunywa au unapiga filimbi? Hakijapungua!"

Watu walicheka tena. Hata Kokulinda alicheka, akiona aibu kidogo kwa niaba ya kaka yake. "Kunywa, Alexander! Watasema pombe yangu chungu!"

Kama angekiweka chini, dada yake angekuwa ameapa uongo kwa jina la baba yao mbele ya wageni. Kama angekinywa, Sista Odeta alikuwa amemweleza. Aliyafikiri yote mawili. Lakini ukweli usifichwe: alikuwa pia na kiu. Alikuwa na kiu ya miezi minane, kiu ya kuota ndoto za mabomba, na ile harufu ya rubisi ilikuwa ya uani kwao utotoni. Akavuta. Ilikuwa tamu, imechachuka kidogo tu, na ilipita kooni mwake kama salamu ya mtu aliyedhaniwa amekufa. Alivuta tena na tena mpaka mrija ukakoroma. Akakiinua kibuyu, akakigeuza mdomo chini. Hakikudondosha kitu.

Vigelegele vikapigwa. Sahani ya ndizi na maharage ikawekwa mbele yake, naye akala, kwa sababu mtu akishavuka mto hajali tena umande. Kokulinda akamwongezea. Akala na hiyo.

Nyuma ya pazia, Noela alikuwa ameona kila kitu. Mwanzoni alikuwa amemtazama baba yake. Baadaye alimtazama Elias, maana Elias alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwa baba, na neno moja lingetosha. Elias aliinua macho, macho yao yakakutana kwenye upenyo wa pazia, akayashusha. Alianza kuzitazama soksi zake.

Noela akatoka. Kanga ilimwanguka begani mlangoni. Wanawake waliacha vigelegele katikati.

"Shangazi, mwondolee hiyo sahani."

Hakuna aliyesogea. Akapiga magoti mwenyewe, akaichukua sahani kutoka mikononi mwa baba yake, akasimama nayo mbele ya watu wote.

"Baba yangu figo zake hazifanyi kazi. Anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hizi ndizi ni sumu kwake, na pombe yake ni sumu. Mmemtazama anakunywa sumu."

"Noela!" Bernadetta alisema.

Mzee Antoni alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna maandishi, akaivaa tena.

"Mzee Muganyizi, tuliuliza au hatukuuliza?"

"Tuliuliza."

"Tukajibiwa nini?"

Kokulinda alikuwa amegeuka kumwangalia kaka yake. Uso wote ulikuwa umemshuka. "Alexander. Umeniacha niape? Kwa jina la baba?"

"Nisamehe, dada."

"Nimekulisha kwa mkono wangu," alisema mama yule, na hapo akalia kwa sauti, akijipiga mapaja. "Nimekuongezea!"

Mzee Antoni alisimama, na watu wake wakasimama, na kwa muda hapakuwa na sauti ila ya watu wazima wanaotafuta viatu vyao mlangoni.

*

Wangeachana pale na kila mmoja akafe na aibu yake kivyake, ingekuwa nafuu. Lakini kivuko cha saa kumi na moja kilikuwa kimoja, na wote walikuwa wametoka Mwanza asubuhi ileile. Upande wa Mzee Antoni ulikaa mbele, karibu na lori la mihogo. Upande wa Mwalimu ulikaa nyuma. Katikati palikuwa na mbuzi sita na watu wasiohusika.

Mwalimu alijaribu kusimama atembee, kama kawaida yake, na miguu ikakataa.

"Si yangu," alisema kwa mshangao. "Noela, hii miguu si yangu. Na midomo imekufa ganzi."

Noela alikuwa ameshampigia simu Sista Odeta. "Ndizi ngapi?" sauti ilifoka upande wa pili. "Na kibuyu chote? Mungu wangu. Mkifika msipite nyumbani. Mleteni moja kwa moja, mimi natoka sasa hivi kwenda kuwasha mashine. Mlaze. Asitembee."

Wakamlaza kwenye benchi, kichwa mapajani kwa Noela. Basi ikawa zamu ya Bernadetta kutembea. Alikwenda hadi kwenye mbuzi, akarudi, akaenda tena. Maji yalikuwa mapana na kivuko hakina mtu wa kukiharakisha. Aliwaza kwamba amemuua mumewe na amemnyima mwanawe ndoa, vyote siku moja, na kwamba wali ungepikwa kwa dakika ishirini.

Kule mbele Mzee Antoni alikuwa anabishana na Mzee Muganyizi. Kisha akaonekana anakuja, anawapita mbuzi, kofia mkononi. Elias alimfuata. Bernadetta alisimama kabisa.

"Mwalimu," Mzee Antoni alisema akiinama juu ya benchi, "unanisikia?"

"Nakusikia, mzee mwenzangu."

"Mmetudanganya. Hilo limeniuma, na litaendelea kuniuma. Lakini Muganyizi ananiambia kibuyu kimegeuzwa, na kibuyu hakigeuzwi mara mbili. Na mimi najiambia hivi: mtu aliyemeza kifo ili binti yake aolewe, huyo si mtu wa kumkimbia. Figo si wazimu. Sisi tunaendelea."

Bernadetta alipiga magoti pale pale kwenye bati la kivuko. "Asante, baba. Asante. Mungu akulipe."

"Inuka, mama. Watu wanatazama."

Elias alichuchumaa karibu na Noela. Uso wake ulikuwa umelegea kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Umesikia? Yameisha. Nilikuambia mzee wangu ana moyo mzuri."

Noela hakumtazama kwanza. Alikuwa ameweka vidole kwenye shingo ya baba yake akihesabu mapigo, kama alivyowahi kumwona Sista Odeta anafanya. Alimaliza kuhesabu.

"Elias, ulikuwa unajua."

"Najua nilikuwa najua, lakini..."

"Mzee," Noela alimgeukia Mzee Antoni, "shikamoo. Sijakusalimia leo. Mwanao alijua tangu mwezi wa pili. Nilimwambia mwenyewe."

Mzee Antoni alimtazama mwanawe.

"Nilitaka yaishe salama," Elias alisema. "Ningesema pale katikati, baba angesusa. Nilifikiri ni kibuyu kimoja tu. Kimoja tu, Noela, halafu kesho mashine. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwake."

"Na mama yako? Mama yako hakukaa pale?"

Hilo lilikuwa kweli, na Bernadetta alilipokea akiwa bado amepiga magoti.

"Mama aliogopa," Noela alisema. "Alifanya vibaya, na mimi na yeye tutaongea mpaka tuchoke. Lakini mama ni wangu, sikumchagua. Wewe nakuchagua. Nikikuchagua leo, siku moja nitakuwa mimi niliyeshika kibuyu, na wewe utakuwa unatazama soksi." Alimpenda, na hakuna haja ya kusema vinginevyo. "Mzee Antoni, nashukuru kwa moyo wako. Vitenge vitarudi kesho. Siolewi."

"Noela!" Bernadetta alimshika goti. "Baba wa watu amekubali! Unajua unachofanya? Ishirini na tisa!"

"Najua miaka yangu, mama."

Mzee Antoni aliivaa kofia yake. Halafu akamshika mwanawe bega, si kwa ukali, akamwongoza kurudi mbele, akiwapita mbuzi. Elias aligeuka mara mbili. Mara ya pili Noela alikuwa ameinama anamsikiliza baba yake, asione.

*

Sista Odeta alikuwa mlangoni amevaa gauni la kanisani na glovu mkononi. Hakumpima uzito Mwalimu. Walimchoma sindano, wakamwunganisha, na kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuongea naye. Mashine ilizunguka peke yake katika chumba chenye vitanda kumi vitupu. Saa moja na nusu jioni Sista alitoka, akaegemea ukuta wa korido.

"Moyo umerudi kwenye mstari. Atakaa humu mpaka kesho. Mmenizeesha miaka mitano leo."

Bernadetta alilia, akaenda kanisa dogo la hospitali kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Noela akaingia, akavuta kiti. Baba yake alikuwa amefungua macho. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa ametulia, hana pa kwenda wala nguvu za kwenda.

"Dada amepiga simu?"

"Mara tatu. Anasema anakuja kesho na kivuko cha kwanza. Anataka kukutukana mwenyewe kwa mdomo wake."

"Ana haki." Aligeuza kichwa kuangalia mlango. "Na Elias? Mbona simwoni? Yuko nje?"

Noela aliutazama mrija mwekundu unaotoka mkononi mwa baba yake na mwingine unaorudi. Kwenye kivuko alikuwa amedhani baba anasikia. Baada ya kumjibu Mzee Antoni hakuwa amesikia tena neno, masikio yalikuwa yamejaa mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Hayuko nje, baba. Mzee Antoni alikubali. Mimi ndiye niliyekataa."

Mwalimu Rugemalira alitafakari jambo hilo taratibu, kama mtu anayesoma barua katika mwanga hafifu. Aliona kibuyu, aliona sahani mbili, alimwona dada yake anajipiga mapaja.

"Basi nimekunywa bure," alisema.

Noela alitaka kumwambia hapana. Alitaka kusema neno zuri, kwa maana alikuwa anayajua maneno mazuri na baba alistahili moja. Lakini watu wote walikuwa wamesema maneno mazuri tangu asubuhi.

"Umekunywa bure, baba," alisema, akauchukua mkono wake wa kulia, akaushika mpaka mashine ilipomaliza.